Amri Ilitangulia, Makoti Yakabaki Nyuma

Mwanzoni mwa Novemba 1950 treni zilizosheheni askari wa China zilikuwa zikipita Shenyang, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kuelekea mpaka wa Korea. Walikuwa askari wa Kundi la 9 la Majeshi chini ya Jenerali Song Shilun: majeshi matatu, divisheni 12, watu wapatao 150,000. Wengi walitoka pwani ya mashariki, ambako walikuwa wakijiandaa kuvuka bahari kuivamia Taiwan. Nguo zao zilikuwa za huko walikotoka: suti za pamba zisizo nzito, viatu vya turubai, kofia zisizofunika masikio. Glovu hawakuwa nazo. Mpango wa awali ulikuwa watulie kwanza huko kaskazini mashariki, wagawiwe vifaa vya majira ya baridi, ndipo waingie vitani. Lakini mambo yalibadilika mstari wa mbele, na amri ikabadilika nayo. Wasisubiri. Waende moja kwa moja.

He Jinnian, naibu kamanda wa jeshi la eneo lile, alishtuka alipowaona. Yeye aliijua baridi ya huko. Akaomba treni zizuiwe kidogo, akawaagiza askari wake mwenyewe wavue makoti, kofia na viatu vyao vya baridi wawape wenzao waliokuwa safarini. Wakakusanya walichoweza. Lakini muda ulikuwa finyu, kwa hiyo baadhi walipata koti, baadhi wakaambulia kofia tu, na wengi hawakupata kitu. Treni zikaondoka.

Mimi ni mtu wa ugavi. Kazi yangu ni kupokea mali, kuihesabu, kuitunza na kuitoa, na nimezaliwa Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai umande hugandia kwenye majani mpaka bonde zima linakuwa jeupe. Kwa hiyo kila ninaposoma habari za mapigano ya Bwawa la Chosin, kule Korea Kaskazini ambako treni zile ziliwapeleka kupigana na Wamarekani, siwezi kupita haraka pale stesheni ya Shenyang. Wasimuliaji wengi huanzia kwenye risasi ya kwanza. Kwangu mimi, swali la nani atakufa Chosin, na atakufa kwa nini, lilianza kujibiwa siku treni zile zilipoondoka. Huwa inaandikwa kwamba baridi iliua maelfu kule. Baridi haina cheo wala haitoi amri. Ilijulikana kwamba inakuja, kama inavyokuja kila mwaka. Wale watu waliuawa na amri iliyotangulia makoti.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, Kaskazini ilipoivamia Kusini. Septemba, Jenerali Douglas MacArthur akateremsha majeshi Inchon na kuikata njia ya Wakaskazini, na kufikia Oktoba majeshi ya Umoja wa Mataifa, mengi yakiwa ya Marekani na Korea Kusini, yalikuwa yakipanda kuelekea Mto Yalu ulio mpakani mwa China. MacArthur aliyagawa: Jeshi la 8 likapanda upande wa magharibi, na Kori ya 10, yenye divisheni kadhaa chini ya Meja Jenerali Edward Almond, ikapanda mashariki. Katikati yao kulikuwa na safu ya milima ambayo hakuna aliyeweza kuivuka kumsaidia mwenzake. Amri kuu zilitoka Tokyo. MacArthur alikuwa akiruka Korea asubuhi na kurudi Japani jioni, wala hakulala huko hata usiku mmoja. Tarehe 24 Novemba alianzisha shambulio alilotarajia limalize vita, na maneno yakaenea kwamba vijana wangerudi nyumbani kabla ya Krismasi.

Upande wa mashariki kulikuwa na njia moja tu. Ilianzia bandari ya Hungnam, ikapita tambarare, kisha ikapanda Korongo la Funchilin: mlima upande mmoja, shimo upande wa pili, na upana usiotosha magari mawili kupishana sehemu nyingi. Ukishapanda unafika Koto-ri, halafu Hagaru-ri kwenye ncha ya kusini ya bwawa, halafu unavuka Korongo la Toktong hadi Yudam-ni. Jumla ni kilomita 125 hivi. Kila mkate, kila risasi, kila pipa la dizeli la Divisheni ya 1 ya Marine, askari wa majini wa Marekani, lilipaswa kupita hapo. Ukikaa na karatasi na penseli, njia hiyo peke yake inakupa jibu la vita nzima.

Kamanda wa divisheni hiyo, Meja Jenerali Oliver P. Smith, alikaa na hesabu hizo. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa dini, mwenye nywele nyeupe na kiko mdomoni. Wenzake walimwita Profesa. Usiku wa tarehe 10 Novemba vikosi vyake vya mbele vilifika Koto-ri, na baridi ya kutoka Siberia ikawashukia kwa ghafla, nyuzijoto zaidi ya 20 chini ya sifuri. Madaktari walipokea vijana wasio na jeraha lolote, wengine wakitetemeka na kuweweseka, wengine wakilia tu. Siku tano baadaye Smith alimwandikia mkuu wa jeshi la Marine kule Washington. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba ubavu wake wa kushoto uko wazi, kwamba divisheni nzima inatandazwa kama kamba kwenye barabara moja ya mlimani, na kwamba ana wasiwasi na vita ya majira ya baridi katika milima ile. Barua nzima ni ya mtu anayefikiria chakula kitafikaje na majeruhi watatokaje.

Almond alimsukuma aende mbio. Smith akaenda polepole kwa makusudi, na baadaye alikiri hivyo bila kuficha. Kila alipofika alisimama, akaweka akiba ya risasi, chakula na mafuta, akaacha kikosi cha kulinda, ndipo akasogea. Pale Hagaru-ri aliamua kuchonga kiwanja cha ndege. Smith alisimulia kwamba alipomweleza Almond kuwa kiwanja kitasaidia kuondoa majeruhi, Almond alimuuliza: majeruhi gani?

Kwa swali hilo mtu unajua kwamba hesabu za ramani na hesabu za ghala haziko kichwa kimoja. Almond hakuwa mwoga wala mjinga. Alikuwa mchapakazi, na alifika mstari wa mbele mara nyingi kuliko majenerali wengi. Lakini alikuwa ameshaamini kwamba vita imekwisha, na mtu akishaamini hivyo, kila anayetaka kuweka akiba humwona anachelewesha kazi.

Smith akatumia mainjinia wake mwenyewe. Kazi ilianza tarehe 19 Novemba. Ardhi ilikuwa imeganda ngumu kiasi kwamba iliwabidi wachomelee meno ya chuma kwenye makatapila ndipo yashike udongo. Walifanya kazi usiku na mchana, usiku wakiwasha taa kubwa ingawa adui alikuwa karibu. Kuna usiku ambao mainjinia waliacha mashine, wakachukua bunduki, wakawafukuza Wachina waliokwisha kuingia kiwanjani, kisha wakapanda tena mashine zao na kuendelea kuchonga. Tarehe 1 Desemba, kiwanja kikiwa hakijafika hata nusu ya urefu uliotakiwa, ndege ya kwanza ilitua. Kufikia jioni ya tarehe 5, majeruhi na wagonjwa 4,312 walikuwa wameondolewa kwa ndege. Ndege hizohizo zilileta dawa, chakula na askari zaidi ya 500 wa kujazia nafasi. Wale watu 4,312, bila kiwanja kile, wangebebwa kwenye malori kupita njia iliyozingirwa. Nini kingewapata, nitaeleza mbele kidogo.

Usiku wa tarehe 27 Novemba Wachina walishambulia. Walikuwa wametembea usiku tu kutoka Yalu, mchana wakijificha misituni na vijijini, na ndege za Marekani hazikuwaona. Divisheni mbili ziliwavamia Marine kule Yudam-ni, nyingine ikakata barabara nyuma yao, nyingine ikapiga upande wa mashariki wa bwawa, na nyingine ikaja Hagaru-ri kwenyewe. Kufikia asubuhi kila kituo kilikuwa kisiwa.

Baridi ya usiku ilizidi nyuzi 30 chini ya sifuri. Ningependa msomaji aliyeko Tanga au Kisangani aelewe maana yake, kwa sababu sisi neno baridi tunalitumia kwa vitu vidogo. Chupa za plazima, ile sehemu ya damu wanayotundikiwa majeruhi, ziliganda zikawa hazifai. Matabibu waliweka vichupa vya mofini, dawa ya kutuliza maumivu, midomoni mwao ili visigande, wakazunguka navyo hivyo wakitafuta majeruhi. Kumchania majeruhi nguo ili uone kidonda kulikuwa hatari kuliko kidonda chenyewe. Mafuta ya bunduki yaliganda, risasi zikakwama. Chakula cha kopo kiliganda mpaka kikageuka jiwe, na aliyekila bila kukiyeyusha aliharisha. Kuharisha katika baridi ile, na nguo tabaka nne mwilini, ni mateso ambayo sina haja ya kuyaeleza.

Halafu kulikuwa na miguu. Marine walipewa buti zenye mpira chini na ngozi juu. Ukitembea, mguu unatoka jasho, na jasho halina pa kupita. Ukisimama, jasho linaganda ndani ya buti. Dawa ilikuwa moja: soksi kavu na nyayo za ndani kavu, kila siku, zile mbichi ukizikausha tumboni chini ya nguo. Rahisi kusema. Jaribu kuvua buti gizani, vidole havifanyi kazi na kuna mtu anakupigia risasi. Ndiyo maana katika vikosi vilivyoongozwa vizuri viongozi wa chini waliwasimamia vijana wao wabadilishe soksi, kama wanavyosimamia usafi wa bunduki. Hata hivyo, waliougua au kuumizwa na baridi na mengine yasiyo risasi katika divisheni hiyo walizidi 7,300, wengi wao kwa sababu ya kugandishwa na baridi. Hao ndio waliokuwa na makoti, mahema na majiko ya kupashia moto.

Kuna ofisa mmoja ambaye habari zake huwa nazirudia. Luteni Kanali Raymond Davis alipewa kazi ya kuongoza batalioni moja usiku, kupitia milimani badala ya barabarani, wakaiokoe kombania ya Kapteni William Barber iliyokuwa imeng'ang'ania Korongo la Toktong kwa siku tano. Barber mwenyewe alikuwa amejeruhiwa mguu akawa anaamuru kutoka kwenye machela. Davis alisimulia kwamba kila baada ya muda alijilaza kwenye shimo, akajifunika turubai, akawasha tochi kuangalia ramani na dira. Akiinuka, akili ilikuwa imeshapoteza alichokiona. Anarudi chini tena. Maamuzi yake hakuyaamini, kwa hiyo kila amri aliyoitoa aliwauliza maofisa wake wairudie, na kila walilosema yeye naye alilihakiki. Alijua baridi inagandisha na akili ya kamanda. Wakafika asubuhi. Kama mlango ule wa Toktong ungefungwa, vikosi viwili vya Yudam-ni visingetoka.

Upande wa mashariki wa bwawa hadithi ilikuwa nyingine, na mimi huisoma kwa uchungu. Pale kulikuwa na kikosi cha jeshi la nchi kavu la Marekani, watu wapatao 3,200, wakiwemo Wakorea wapatao 700 walioingizwa humo. Walipelekwa harakaharaka kuchukua nafasi ya Marine. Hawakupewa muda wa kujikusanya, wala hawakuwa na akiba ya maana. Kamanda wao, Kanali Allan MacLean, alipotea mikononi mwa Wachina, na uongozi ukamwangukia Luteni Kanali Don Faith. Kabla ya hapo, tarehe 28 Novemba, baada ya usiku wa mapigano makali, Almond alifika kwa helikopta. Akawaambia kwamba wanapigana na mabaki ya Wachina wanaokimbilia kaskazini, kwamba wasonge mbele. Akagawa nishani za fedha palepale, moja kwa Faith. Helikopta ilipoondoka, Faith aliing'oa nishani kifuani akaitupa kwenye theluji.

Tarehe 1 Desemba Faith alipakia majeruhi wake, mamia kwa mamia, kwenye malori 30 hivi, akaanza kurudi Hagaru-ri. Ndege za kwao wenyewe ziliwamwagia napalmu, mafuta ya moto yanayonata mwilini, kwa makosa kichwani mwa msafara. Madaraja yalikuwa yamevunjwa. Kila lori liliposimama lilipigwa risasi, na dereva alikuwa ndiye wa kwanza kulengwa. Faith aliuawa akiongoza shambulio la kufungua njia. Giza lilipoingia msafara ulikuwa umekufa barabarani, majeruhi wakiwa bado ndani ya malori. Hicho ndicho kingewapata wale 4,312. Waliofika Hagaru-ri, wengi kwa kutembea juu ya barafu ya bwawa, waliobaki wazima wa kuweza kushika silaha walikuwa 385. Kwa miaka mingi walionekana kama watu waliotupa silaha wakakimbia. Ni mwaka 1999 tu ambapo walipewa heshima ileile waliyopewa Marine, baada ya utafiti kuonyesha kwamba walizuia divisheni nzima, na zaidi, isiifikie Hagaru-ri katika siku zile ambazo kiwanja kilikuwa kinachongwa.

Sasa niwarudie wale wa kwenye treni, kwa sababu hao ndio wengi zaidi na ndio wanaosimuliwa kidogo zaidi nje ya kwao.

Askari wa Song Shilun walipanda milima ile bila majiko, na hata wangekuwa nayo wasingeyawasha, maana moshi mmoja uliita ndege. Malori yao yalikuwa machache, na yaliyokuwepo yaliteketezwa njiani. Chakula kikawa viazi vilivyochemshwa nyuma huko, vikaganda vikawa havitafuniki. Walivipasha kwapani mpaka meno yakaweza kukwangua. Mizinga na mota nyingi ziliachwa njiani kwa kushindwa kubebeka. Jeshi zima la tatu la kundi hilo, la 26, liliwekwa nyuma kwa sababu hakukuwa na namna ya kulilisha mbele. Lilipoitwa, likachelewa kufika, na Marine wakapita. Hapo utaona kwamba njaa haikumwua askari peke yake. Ilimnyang'anya kamanda wake ushindi aliokuwa ameshaushika mkononi.

Askari wa Marine walisimulia juu ya mateka waliokuwa na miguu iliyovimba na kuwa myeusi ndani ya viatu vya turubai, na wengine walioshika bunduki mpaka vidole vikagandia chuma. Historia za China zenyewe zinazitaja kombania tatu zilizolala kwenye theluji, silaha zimeelekezwa barabarani, zikisubiri ishara ya kushambulia. Wakati ulipofika hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wamekufa kwa baridi katika nafasi zao. Leo wanaheshimiwa kwao kwa utii na uvumilivu, na wanastahili kila heshima. Ila mimi sikubali heshima hiyo itumike kufunika swali. Askari aliyelala pale alitimiza sehemu yake mpaka mwisho. Nani hakutimiza sehemu yake?

Kumbukumbu za China zinatoa hesabu ambayo inanishangaza kila niisomapo: waliouawa, kujeruhiwa au kupotea katika mapigano ni 19,202, waliogandishwa na baridi ni 28,954. Baridi iliondoa watu wengi kuliko mizinga, ndege na bunduki za Wamarekani zikijumlishwa. Divisheni ya Marine ilirekodi kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Desemba waliouawa na kufa kwa majeraha 718, waliopotea 192 na waliojeruhiwa 3,508. Kundi la 9, lililoingia likiwa jeshi kubwa na la kuogopwa, halikuweza kurudi vitani mpaka majira ya kuchipua ya 1951.

Tusidhani mambo haya ni ya Wachina na Wamarekani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Afrika Mashariki waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza, wale wa Karia Kor, walikufa zaidi ya 40,000 kwa kumbukumbu za Waingereza wenyewe, na wapo wanaokadiria mara mbili ya hapo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa, kwa sababu mpango wa vita ulihitaji mabega yao kabla haujahesabu posho na blanketi zao. Kule joto na mvua, kule Korea theluji, na hesabu ni ileile iliyorukwa.

Kutoka Hagaru-ri Smith aliteremka na watu wake kuanzia tarehe 6 Desemba, akiwa na malori yake, majeruhi wapya na baadhi ya maiti zake. Pale Funchilin Wachina walikuwa wamelipua daraja pembeni mwa mlima, na pengo la mita 9 hivi lilitosha kulikwamisha jeshi lote. Luteni Kanali John Partridge, mkuu wa mainjinia, akaomba vipande vya daraja la chuma vidondoshwe kwa parachuti, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Kila kipande kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Aliomba vinane ingawa alihitaji vinne tu. Kimoja kikaharibika, kimoja kikaangukia kwa Wachina, na daraja likawekwa tarehe 9 Desemba. Mtu wa ghala hawezi kusoma hapo bila kufurahi. Partridge alipanga akijua kwamba vitu hupotea.

Kufikia tarehe 24 Desemba meli ziliondoa Hungnam askari 105,000, magari 17,500 na shehena ya tani 350,000, pamoja na raia wa Korea karibu 100,000 waliokimbia. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, ilibeba raia wapatao 14,000.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba kwa kipimo cha vita Song Shilun alishinda. Alipewa kazi ya kuwaondoa maadui kaskazini mashariki mwa Korea, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameondoka. Mao, kiongozi wa China, alikuwa na haraka yake: Wamarekani walikuwa wanaukaribia mpaka, na Kundi la 9 lingechelewa wiki chache huenda lisingewakuta mahali pa kuwazingira. Nakubali kwamba haraka ilikuwa ya kweli. Nisichokubali ni kwamba makoti hayakuwepo. Yalikuwepo. He Jinnian aliyaona, kwa kuwa askari wake walikuwa wameyavaa. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo cha kutosha kusema treni hizi haziondoki leo. Na Marekani nako, Smith aliyehifadhi watu wake aliitwa mzito na mwoga wa kusonga, wakati Almond aliyempa Faith nishani badala ya risasi alipandishwa cheo kuwa luteni jenerali miezi miwili tu baadaye.

China ilijifunza, lakini ilijifunza ikiwa imeshalipa. Ili askari asiwashe moto, kiwandani na majumbani walianza kukaanga unga wa ngano uliochanganywa na soya na chumvi. Askari aliutia mdomoni mkavu na kushushia na theluji. Zhou Enlai, waziri mkuu, alishiriki mwenyewe kuukaanga Beijing. Kila askari alifunga begani mfuko mrefu wa kitambaa wenye chakula cha wiki moja, na Jenerali Matthew Ridgway, aliyechukua uongozi wa Jeshi la 8 baada ya kamanda wake kufa kwa ajali ya gari, akagundua kwamba mashambulio ya Wachina huishiwa nguvu kila baada ya wiki moja hivi, unga unapokwisha. Akaanza kupanga vita yake kwa kuhesabu siku hizo. Wachina wakaunda kamandi maalumu ya ugavi chini ya Hong Xuezhi, wakazipanga reli upya, wakaweka walinzi kwenye vilele vya milima wakipiga risasi hewani kuwatahadharisha madereva kwamba ndege zinakuja.

Peng Dehuai, kamanda mkuu wa majeshi ya China Korea, alikuwa mwana wa wakulima maskini aliyeijua njaa tangu utotoni. Mapema mwaka 1951 alikuwa Beijing kwenye mkutano wa kujadili mahitaji ya jeshi lake. Maofisa wakaanza kueleza, mmoja baada ya mwingine, kwa nini hili haliwezekani na lile lina ugumu wake. Peng akachemka. Akawaambia waende mstari wa mbele wakaone kwa macho yao askari wanakula nini na wamevaa nini, na watu wangapi wamekufa, ndipo waje wamwambie habari za matatizo yao. Baada ya hapo Zhou Enlai aliitisha vikao zaidi vya ugavi, na magari na vifaa vikaongezeka kwenda Korea.